Usasa na Ujenzi wa Hoja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaochagua Vitabu vya Falsafa Dar es Salaam

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa shahada ya kwanza na ya uzamili, walimu wa sekondari, wanasheria, wanahabari, na watu wanaosoma kwa kupenda tu. Wote wanataka kitabu cha falsafa kinachozungumzia usasa, au kinachofundisha jinsi hoja inavyojengwa, na hawataki kutupa fedha kwa kitabu kitakachobaki kabatini. Majina ya vitabu tumeyaandika kama yalivyo kwenye majalada, maana ndivyo utakavyoyatafuta kwenye katalogi na kwa wauzaji.

Sijawahi kusoma falsafa. Nianze na kipi?

Anza na vyembamba. Upande wa hoja, chukua A Rulebook for Arguments cha Anthony Weston. Kina kurasa zisizofika mbali na 100, kanuni zake zimepewa namba, na kila kanuni ina mfano wake. Upande wa usasa, soma kwanza insha ya Immanuel Kant ya 1784 inayojibu swali la nini maana ya Zama za Mwangaza. Ni kurasa chache, zinapatikana bure mtandaoni, na karibu kila mwandishi wa baadaye anaibishia au anaitetea. Kisha nenda kwa Charles Taylor, The Malaise of Modernity, cha 1991. Kilitokana na mihadhara iliyotangazwa redioni Kanada, kwa hiyo lugha yake inasikika kama mtu anazungumza nawe.

Angalia hapa: kitabu hicho hicho cha Taylor kilitolewa Marekani 1992 kwa jina la The Ethics of Authenticity. Watu hununua vyote viwili wakidhani ni juzuu mbili.

Usianze na Jürgen Habermas, mwanafalsafa wa Kijerumani. Akili yako inamtosha. Tatizo ni kwamba anabishana na watu ambao bado hujakutana nao.

Kwa nini usasa na ujenzi wa hoja viwekwe pamoja? Si rafu mbili tofauti?

Maktabani ni rafu mbili, lakini mjadala ni mmoja. Madai makubwa ya usasa ni kwamba binadamu apokee jambo kwa sababu alizozipima, asilipokee kwa kuwa tu limetoka kwa wakubwa. Ukishakubali hivyo, swali linalofuata haliepukiki: sababu nzuri ni ipi, na nani anaamua? René Descartes, katika Discourse on Method cha 1637, aliutafuta uhakika usioyumba, kwa mfano wa hisabati. Wengi waliomfuata waliona kwamba hoja isiyofikia uhakika huo haistahili kuitwa hoja kamili.

Mwaka 1958 vitabu viwili viliupinga mtazamo huo bila waandishi wake kushirikiana. Uingereza, Stephen Toulmin alitoa The Uses of Argument. Ubelgiji, Chaïm Perelman na Lucie Olbrechts-Tyteca walitoa kwa Kifaransa kitabu chao kikubwa cha balagha mpya, yaani sanaa ya kushawishi kwa maneno. Kila upande ulisema kwa njia yake kwamba mahakamani, hospitalini na bungeni watu hutoa sababu nzuri bila kuwa na uhakika wa hisabati, na kwamba sababu hizo zina utaratibu wake unaoweza kuchunguzwa.

Toulmin huyo huyo, miaka 32 baadaye, aliandika Cosmopolis: The Hidden Agenda of Modernity, cha 1990. Humo anadai usasa ulianza mara mbili: kwanza karne ya 16 na waandishi kama Montaigne, waliovumilia mashaka na tofauti za watu, kisha karne ya 17, Ulaya ilipochoshwa na vita vya kidini, mfalme Henri IV wa Ufaransa akauawa 1610, Vita vya Miaka Thelathini vikaanza 1618, na watu wakatamani uhakika kwa gharama yoyote. Ukisoma vitabu hivi viwili kwa kufuatana unaona kwamba mtu yule yule alikuwa na swali moja maisha yake yote. Ndiyo jozi tunayoipendekeza kuliko nyingine yoyote kwa mtu anayetaka kuunganisha masuala haya mawili.

Mpangilio wa hoja wa Toulmin una sehemu gani, na nautumiaje?

Una sehemu sita. Tuchukue hoja inayosikika kila siku mjini hapa: "Dar es Salaam sasa ni jiji la kisasa, tuna mwendokasi."

Dai ni kwamba Dar es Salaam ni jiji la kisasa. Msingi, yaani kitu ulicho nacho mkononi, ni kwamba tangu 2016 kuna mabasi yaendayo haraka yenye njia zake, kuanzia Kimara hadi Kivukoni. Kibali ni daraja linalokutoa kwenye msingi na kukufikisha kwenye dai: jiji lenye usafiri wa umma uliopangwa namna hiyo ni la kisasa. Msemaji hakukitamka kibali hicho, na aghalabu hakitamkwi. Egemeo ni kile kinachokishikilia kibali chenyewe kikiguswa, kwa mfano nadharia ya Max Weber kwamba usasa ni maisha kupangwa kwa hesabu na kanuni. Kisha kuna kadirio, maneno kama "yamkini" au "kwa sehemu kubwa". Mwisho ni pingamizi, linaloanza na "isipokuwa": isipokuwa usasa uwe ni namna wananchi wanavyopewa sababu za maamuzi na kuruhusiwa kuzihoji, na wala si mabasi.

Sasa tazama ubishi wa kijiweni unavyokwenda. Mmoja anasema mwendokasi, mwingine anajibu kwamba vituoni watu wamejaa na basi linachelewa, wa tatu anataja daraja jipya. Wote wanapigania msingi. Wanaweza kukubaliana idadi ya mabasi na bado wasikubaliane kama jiji ni la kisasa, kwa sababu wanatofautiana kwenye kibali, na kibali hakijatajwa na mtu. Vitabu vya falsafa ya usasa ni ugomvi juu ya kibali hicho. Taylor ana chake, Habermas ana chake, Kwame Gyekye ana chake. Ukiingia kwenye kitabu cha usasa ukiwa unatafuta kibali cha mwandishi, kurasa 400 zinapungua uzito.

Kosa la kawaida ni kuchanganya msingi na kibali. Jipime kwa maswali mawili. "Una nini cha kutegemea?" linatoa msingi. "Umefikaje hapo kutoka hapo?" linatoa kibali. Msingi mara nyingi ni jambo mahususi: jina, tarehe, tukio. Kibali ni cha jumla na kinaweza kuandikwa kwa umbo la "kila mara ikiwa hivi, basi vile". Kosa la pili ni kulazimisha sehemu zote sita zionekane katika kila aya. Hoja nyingi zinaonyesha tatu tu. Zilizobaki unazidai pale tu zinapohitajika.

Nichague nani: Toulmin, Perelman, Walton au van Eemeren?

Inategemea kazi iliyo mbele yako.

Ukitaka kuchambua hoja moja iliyoandikwa, kama hukumu, tahariri au aya ya tasnifu, Toulmin anatosha. Sura ya tatu ndiyo moyo wa kitabu. Zilizobaki ni ugomvi na wanamantiki wa wakati wake, na unaweza kuzirudia baadaye.

Ukishughulika na hotuba, mahubiri, kampeni au matangazo, mchukue Perelman na Olbrechts-Tyteca. Kwao hoja haipimwi bila kujua inaelekezwa kwa hadhira gani. Tatizo ni ukubwa: tafsiri ya Kiingereza, The New Rhetoric ya 1969, inapita kurasa 500, na mifano mingi inatoka katika fasihi ya Kifaransa. Kuna njia fupi. Perelman aliandika muhtasari wake mwenyewe, The Realm of Rhetoric, uliotoka kwa Kiingereza 1982. Soma huo kwanza, kisha utumie kile kikubwa kama kamusi.

Douglas Walton ni wa mtu anayetaka zana za kila siku. Kitabu alichoandika na Chris Reed na Fabrizio Macagno, Argumentation Schemes cha 2008, kinaorodhesha aina za hoja na maswali ya kuzihoji. Hoja ya "mtaalamu kasema", kwa mfano, ina maswali sita: ni mtaalamu kiasi gani, je, jambo hili liko kwenye fani yake, amesema nini hasa, anaaminika binafsi, wataalamu wenzake wanasemaje, na ushahidi wake ni upi. Mwanahabari anayeandika habari za afya au uchumi akiyabandika maswali haya sita juu ya meza yake atafaidika kuliko kusoma sura kumi za nadharia.

Frans van Eemeren na Rob Grootendorst, wa Amsterdam, wanafaa pale ambapo pande mbili zinajadiliana: usuluhishi, vikao, midahalo ya shule. Wanaugawa mjadala katika hatua nne, yaani kukabiliana, kufungua, kutoa hoja na kuhitimisha, na wana kanuni kumi za mjadala wenye adabu ya akili. Chukua A Systematic Theory of Argumentation cha 2004. Msimamizi wa midahalo atagundua kwamba vurugu nyingi hutokana na hatua ya pili kurukwa: watu wanaanza kutoa hoja kabla ya kukubaliana nani anabeba mzigo wa kuthibitisha.

Kitabu cha orodha ya makosa ya hoja hakitoshi?

Hakitoshi. C. L. Hamblin, katika Fallacies cha 1970, alionyesha jinsi vitabu vya kiada vilivyokuwa vikinakiliana orodha ile ile kizazi hadi kizazi bila nadharia yoyote ya kueleza kwa nini kosa ni kosa. Madhara yake tunayaona kwenye midahalo: mwanafunzi anakariri majina ya makosa kisha anayatumia kama filimbi ya refa. Kumshambulia msemaji si kosa kila mara. Shahidi mahakamani anahojiwa uaminifu wake kwa haki kabisa. Nunua kitabu kinachoeleza lini jambo linakuwa kosa na lini halikuwi.

Habermas, Lyotard na Taylor: nani kwanza?

Taylor, kisha Jean-François Lyotard, kisha Habermas.

Lyotard aliandika The Postmodern Condition 1979 kama ripoti juu ya hali ya maarifa, kwa ombi la baraza la vyuo vikuu la serikali ya Quebec. Ni kitabu kifupi, na dai lake linajulikana: watu wameacha kuyaamini masimulizi makuu yanayohalalisha maarifa, kama lile la ukombozi wa binadamu au la maendeleo ya akili. Kifupi hakina maana ya chepesi. Kinadhani unajua kidogo juu ya mwanafalsafa Wittgenstein na michezo yake ya lugha, yaani wazo kwamba maana ya maneno hutokana na yanavyotumiwa.

Habermas ana njia ya mkato ambayo wengi hawaambiwi. Septemba 1980, akipokea tuzo ya Adorno mjini Frankfurt, alitoa hotuba akidai usasa ni mradi ambao haujakamilika. Hotuba hiyo ni fupi, imefasiriwa, na imo katika mikusanyo mingi ya makala. Ukiielewa, sasa fungua The Philosophical Discourse of Modernity, kilichotoka kwa Kijerumani 1985 na kwa Kiingereza 1987. Kina mihadhara 12, na takriban kila mmoja una mtu wake: Hegel, Nietzsche, Horkheimer na Adorno, Heidegger, Derrida, Bataille, Foucault. Usikisome kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa pumzi moja. Soma wa kwanza na wa pili, ruka hadi ule wa mtu unayemjua, kisha usome wa 11, ambapo anatoa jibu lake mwenyewe: akili inayopatikana katika mawasiliano kati ya watu badala ya kichwa cha mtu mmoja.

Kama hamu yako ni hoja zaidi kuliko historia ya falsafa, juzuu ya kwanza ya The Theory of Communicative Action, ya 1981, ina sehemu inayomjadili Toulmin moja kwa moja. Wanafunzi wa sheria na mawasiliano huiruka kwa kuwa iko ndani ya kitabu kinene chenye jina la kutisha.

Na waandishi wa Afrika? Niwasome baada ya hao?

Hapana, wasome sambamba nao, na ikibidi kuchagua, anza nao. Ukiwaweka mwishoni unajifundisha bila kujua kwamba usasa ni jambo la Ulaya na Afrika ni mfano wa pembeni. Wao wenyewe hawakuandika hivyo.

Kwasi Wiredu wa Ghana, Philosophy and an African Culture, 1980. Ndani yake kuna sura juu ya namna ya kutolinganisha fikra za Kiafrika na za Magharibi. Anasema wanaolinganisha imani za jadi za Kiafrika na sayansi ya Ulaya wanakosea kipimo. Imani za jadi zilinganishwe na imani za jadi za Ulaya. Ni sura ya usasa, na papo hapo ni somo zuri kabisa la hoja ya mlinganisho: msingi ni wa kweli, kibali ndicho kibovu. Mwalimu anayetaka maandishi mamoja ya kufundishia mada zote mbili kwa wiki moja asitafute kwingine.

Kwame Gyekye, pia wa Ghana, Tradition and Modernity, 1997. Ni cha mtu anayeuliza maswali ya nchi: mtu na jamii yake, ukabila na ujenzi wa taifa, rushwa, sayansi na mila. Kina sura juu ya itikadi za ujamaa barani, kwa hiyo msomaji wa Tanzania ataingia na la kusema. Lugha yake imenyooka. Kati ya vitabu vyote tulivyovitaja humu, hiki ni kimojawapo cha vile ambavyo mtu mzima asiye na shahada ya falsafa anaweza kuvimaliza peke yake.

Olúfẹ́mi Táíwò, How Colonialism Preempted Modernity in Africa, 2010. Dai lake ni kali: Afrika Magharibi ya karne ya 19 ilikuwa na Waafrika waliokwisha anza kuingia katika usasa kwa hiari yao, na utawala wa kikoloni ndio uliowakatiza. Chunga jina. Kuna wanafalsafa wawili wanaoitwa Olúfẹ́mi Táíwò. Huyu ndiye pia aliyeandika Against Decolonisation, 2022. Mwenzake, ambaye hutia herufi O. katikati, aliandika Elite Capture mwaka huo huo. Misimamo yao haifanani, na tumeona tasnifu zikimpa mmoja maneno ya mwingine.

Ukihitaji upinzani dhidi ya wazo la falsafa ya pamoja ya kabila zima, mchukue Paulin Hountondji wa Benin, African Philosophy: Myth and Reality, na utafute toleo la pili la 1996 lenye dibaji mpya, kwani humo anawajibu wakosoaji wake.

Kuna cha kusoma kwa Kiswahili?

Vitabu vya kitaaluma tulivyovitaja utavisoma kwa Kiingereza au kwa lugha zake za asili. Lakini maandishi ya kufanyia mazoezi unayo, na ni mazuri.

Azimio la Arusha la 1967 ni hoja juu ya maendeleo iliyopangwa hatua kwa hatua. Linadai fedha si msingi wa maendeleo, na kwamba ili tuendelee tunahitaji watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Chora mpangilio wa Toulmin kwa sehemu hiyo peke yake. Utaona vibali vinavyotamkwa na visivyotamkwa, na utaona mahali ambapo pingamizi lilitarajiwa na kujibiwa.

Kusadikika cha Shaaban Robert, cha 1951, ni kesi mahakamani kutoka mwanzo hadi mwisho. Karama, anayeshtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria, anajitetea kwa visa vya wajumbe sita waliotumwa pande zote, wakarudi na manufaa, wakaishia kufungwa. Perelman anatofautisha mfano unaojenga kanuni na mfano unaopamba kanuni iliyokwisha kubaliwa. Soma utetezi wa Karama ukijiuliza: kisa cha kwanza kinajenga au kinapamba? Na cha sita je? Jibu linabadilika kadiri visa vinavyoongezeka.

Nimeshika kitabu kwenye meza ya mitumba Posta. Nitajuaje kinanifaa?

Dakika kumi zinatosha ukifuata mpangilio.

Fungua nyuma ya ukurasa wa jina. Tafuta mwaka wa toleo la kwanza, mwaka wa toleo ulilonalo, mchapishaji, na jina la mfasiri. Kitabu cha mwandishi wa Kijerumani au Kifaransa kisichotaja mfasiri kiache. Nenda kwenye yaliyomo uone ni kitabu cha aina gani: hoja moja ya mwandishi mmoja, mkusanyo wa makala za watu wengi, au kitabu cha kiada. Mkusanyo ni mzuri kwa kutafuta mada ya tasnifu, ila haukufundishi kufuata hoja ndefu.

Kisha faharasa, mwishoni. Chagua maneno matatu unayoyahitaji kweli, na uone kila moja lina kurasa ngapi. Kitabu kinachojiita cha usasa lakini kinamtaja Kant mara moja na Afrika hakiitaji kabisa, kimekwisha kukueleza mipaka yake. Mwisho soma ukurasa mmoja wa katikati, usisome wa kwanza. Utangulizi huandikwa kwa uangalifu na kila mtu. Ukielewa nusu yake bila kamusi, unaweza kukisoma. Ukielewa chini ya robo, rudisha mezani, hata kama bei inashawishi.

Hesabu pia kurasa za mwisho wa kila sura. Mitumba iliyotoka vyuoni mara nyingine imechanwa, na wanaochana huchukua sura zile zile zinazofundishwa.

Je, toleo lina umuhimu, au maneno ni yale yale?

Kwa kusoma nyumbani, mara nyingi toleo lolote zuri linatosha. Kwa tasnifu, toleo linaweza kukuangusha.

The Uses of Argument ina toleo la 1958 na toleo lililohuishwa la 2003, na kurasa hazilingani: sura ya tatu inaanza ukurasa wa 94 katika la kwanza na wa 87 katika la pili. Ukinukuu kwa toleo moja na kuorodhesha jingine kwenye marejeo, mtahini akifungua hatakuta kitu.

Maandishi ya zamani yana namba zisizobadilika, na ndizo unazopaswa kutumia. Aristotle hunukuliwa kwa namba za Bekker, yaani kurasa na safu za toleo la Kigiriki lililohaririwa na Immanuel Bekker. Rhetoric inaanza 1354a katika kila toleo la kitaaluma. Critique of Pure Reason cha Kant hutumia A kwa toleo la 1781 na B kwa la 1787. Descartes ana juzuu na kurasa za Adam na Tannery, waliohariri kazi zake, zinazoandikwa AT. Kama nakala yako haina namba hizo pembeni mwa ukurasa, si nakala ya kunukuu. Hapo ndipo nakala za bei ndogo zinapokwama: Descartes wa bure mtandaoni aghalabu ni tafsiri ya John Veitch ya karne ya 19, inayosomeka vizuri lakini isiyo na AT. Tafsiri ya Cottingham, Stoothoff na Murdoch, ya Cambridge, inazo.

Jihadhari pia na vitabu vinavyochapishwa kwa oda kutoka maandishi yaliyoskaniwa. Dalili zake ni jalada lenye picha isiyohusiana, tanbihi zilizoingia katikati ya aya, na herufi zilizogeuka.

Nitavipata wapi mjini?

Anza na Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, ambacho kina Idara ya Falsafa na Masomo ya Dini. Asiye mwanafunzi aende na kitambulisho na aulize mapokezi utaratibu wa mgeni kabla ya kupanga siku nzima.

Usitafute kwenye rafu moja. Katika mfumo wa Dewey, mantiki iko 160, hoja na ushawishi 168, falsafa ya Magharibi ya sasa 190, balagha 808, na usasa kama mabadiliko ya jamii umejificha 303. Katika mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani, hoja ziko BC na falsafa kwa jumla B, huku vitabu vingi vya usasa vikiwa HM pamoja na sosholojia. Wanaosema "maktaba haina" mara nyingi wameangalia rafu moja.

Mtandaoni, ensaiklopidia ya falsafa ya Stanford ni bure, na jarida la Informal Logic la Kanada liko wazi kwa wote. JSTOR huruhusu mtu aliyejisajili bure kusoma mtandaoni makala hadi 100 kwa kila siku 30.

Naweza kutoa kopi kitabu kizima?

Sheria ya hakimiliki ya 1999 inalinda vitabu hivi, na kopi ya kitabu kizima kwa ajili ya kuuza ni kosa. Zaidi ya sheria, kopi za steshenari huharibu kitu unachokihitaji hasa: mtu hukata pembeni ili kurasa mbili ziingie karatasi moja, na namba za Bekker au AT ziko pembeni hapo hapo. Azima kitabu, nukuu kwa mkono aya unazozihitaji, na andika namba ya ukurasa wakati ule ule.

Nina fedha za vitabu vitatu tu.

Weston, Gyekye, na Cosmopolis ya Toulmin. Zilizobaki azima. Kama wewe ni mwanasheria, badilisha Weston uweke The Uses of Argument.

Nisome kwa kasi gani, na je, kusoma kwa kundi kunasaidia?

Kwa Habermas au Perelman, kurasa 8 hadi 12 kwa saa ni mwendo mzuri. Anayekwenda 30 anapitisha macho. Weston anaruhusu mara tatu ya hapo. Soma sura mara mbili: ya kwanza bila kalamu, ya pili ukiandika dai la kila sehemu kwa sentensi moja ya Kiswahili. Ukishindwa kuiandika kwa Kiswahili, hujaielewa kwa Kiingereza.

Kundi linasaidia sana likiwa la watu wanne hadi sita. Wakizidi, wawili wanazungumza na wengine wanasikiliza. Gawaneni kazi kila kikao: mmoja alete dai la sura na msingi wake, mwingine alete kibali, wa tatu aje na pingamizi lenye nguvu kuliko yote aliyoweza kulipata, hata kama yeye mwenyewe anamkubali mwandishi. Zungusheni nafasi hizo. Kurasa 25 hadi 30 kwa wiki zinatosha. Mkiona kikao kimegeuka kuwa habari za siasa za wiki, fungueni ukurasa na mmoja asome aya kwa sauti, kisha kila mtu aseme kibali cha aya hiyo kabla ya kusema anakubali au anakataa.